Thumni ya Nani? Kiswahili na Somo la Hisabati katika Shule za Nyeri

Huenda wapo watakaoshangaa kumwona mwanafunzi wa fasihi akizichukua kurasa za jarida hili kuzungumzia hisabati. Tumezoea kugawana mashamba: wao na tarakimu zao, sisi na tamathali zetu, na mpaka uliopo kati yetu tumeupanda miiba. Dai langu katika makala haya ni kwamba mpaka huo umewaumiza watoto kuliko ulivyotuumiza sisi. Katika shule za Nyeri, Karatina, Othaya, Nanyuki na miji mingine inayouzunguka Mlima Kenya, sehemu kubwa ya kile tunachokiita udhaifu wa wanafunzi katika Hisabati ni udhaifu wa lugha uliokosa mwenyewe. Mwalimu wa Hisabati hauoni kwa kuwa hauhesabu kuwa kazi yake. Mwalimu wa Kiswahili naye hauoni kwa kuwa hauulizwi katika karatasi yake ya mtihani.

Nianze na jambo ambalo kila msomaji aliyepitia shule ya msingi nchini Kenya analifahamu. Katika somo la Kiswahili tulifundishwa akisami: nusu, thuluthi, robo, humusi, sudusi, subui, thumni, tusui, ushuri. Tulizikariri kama wimbo. Katika somo hilohilo tulifundishwa kuandika tarakimu kwa maneno hadi kufikia mamilioni, tukafundishwa maumbo (mraba, mstatili, duara, tufe, pia), tukafundishwa na kusoma saa. Kengele ilipolia, somo la Hisabati likaanza, mara nyingi kwa mwalimu yuleyule aliyekuwa mbele yetu, na sehemu zilezile zikarudi ubaoni zikiwa na majina ya Kiingereza, kana kwamba hazijapata kuonekana darasani humo. Sikumbuki hata siku moja mwalimu akituambia kuwa ile sudusi ya asubuhi ndiyo hii moja ya sita ya sasa. Mtoto alifundishwa jambo moja mara mbili, na mara zote mbili akalikosa: kwa Kiswahili alipata jina bila hesabu, kwa Kiingereza akapata hesabu bila jina.

Maneno hayo ya akisami hayakuletwa na kamati. Yametoka katika Kiarabu na yakakaa pwani kwa kuwa yalikuwa na kazi. Anayeijua sheria ya mirathi ya Kiislamu anajua kwamba mafungu yaliyotajwa humo ni nusu, robo, thumni, thuluthi mbili, thuluthi na sudusi. Mume akifa akaacha mjane, mama yake mzazi na watoto wa kiume, mjane hupata thumni, mama hupata sudusi, na kinachobaki ni cha watoto. Sasa mwenye kugawa sharti atafute namba inayogawika kwa 8 na kwa 6. Ndogo kabisa ni 24. Mjane apewe mafungu 3, mama 4, na watoto wagawane 17. Hapo kigawe kidogo cha shirika kinaacha kuwa zoezi la ukurasa wa arobaini na kuwa shauri la watu walioketi mkekani, kila mmoja akitazama mkono wa mwenye kalamu. Mtoto wa Lamu aliyeketi pembeni akisikiliza kikao cha namna hiyo ana mahali pa kuliweka neno thumni. Mtoto wa Mukurwe-ini analipokea neno likiwa uchi. Hajui limetoka wapi wala linamfaa nini, na sisi walimu wa Kiswahili tumeridhika analitamka sawasawa.

Nasisitiza hilo kwa sababu kuna wenzetu, na ni wengi katika vyama vyetu, wanaoamini kwamba dawa ni nyepesi: tafsiri vitabu, futa Kiingereza, na mtoto ataelewa. Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao. Istilahi haiwi wazi kwa sababu tu ni ya Kiswahili. Chukua namba shufwa na namba witiri, istilahi zilizotumika Tanzania kwa miaka mingi. Mwislamu anayesali witiri baada ya isha anaweza kuunganisha neno hilo na hesabu ya rakaa zisizogawika kwa mbili. Mwanafunzi wa Karatina hana daraja hilo, na kwake witiri ni neno gumu kama lile la Kiingereza. Kinyume chake ni namba tasa. Tasa ni asiyezaa, na namba 7 haizai: haina kigawo ila 1 na yenyewe. Namba 12 ina 2, 3, 4 na 6 nyumbani kwake. Hii ni sitiari kamili, tena mwanafunzi wa Nyeri anayo kwa mamake, kwa kuwa Gĩkũyũ husema thaata kwa maana hiyohiyo. Mwalimu akilitaja neno la Kigĩkũyũ, kisha la Kiswahili, ndipo akaja kwenye la Kiingereza, dhana itakuwa imesimama kabla ya jina la mtihani kufika. (Neno hili lina makali kwa mwanadamu anayeitwa hivyo, nami nakiri ubaya huo wa lugha zetu, mwalimu mwenye busara atazungumzia mifugo.)

Ama kuhusu kuhesabu kwenyewe, watu wa mlimani wana hazina ambayo Kiswahili sanifu kimeitupa. Ishirini, thelathini na arobaini hazimwambii mtoto kitu kuhusu makumi, lazima azikariri. Mgĩkũyũ akisema mĩrongo ĩtano na ithatũ, ametaja makumi matano na tatu, yaani thamani ya nafasi imo ndani ya jina. Kiswahili bado kina ndugu ya neno hilo: ni mwongo, wingi wake miongo, tunaoutumia kwa miaka kumi pekee. Mwalimu wa Gredi ya 2 katika kijiji cha Tetu anayewazuia watoto kuhesabu kwa lugha ya nyumbani anawanyang'anya kifaa ambacho hana cha kukibadilisha nacho.

Katika vitenzi ndipo Kiswahili chenyewe kina la kujivunia. Gawa, gawia, gawana, gawanya, gawanyika: minyambuliko tunayowafundisha wanafunzi kama jedwali la sarufi ni hesabu tupu. Machungwa 12 yakigawiwa watoto 3, swali ni kila mmoja atapata mangapi. Machungwa 12 yakifungwa katika mafungu ya matatumatatu, swali ni mafungu mangapi yatapatikana. Jibu ni 4 kote kuwili, lakini matendo ni mawili, na watafiti wa ufundishaji wa hisabati wamekuwa wakisisitiza kwa miaka mingi kwamba mtoto aijue tofauti hiyo mapema. Alama ya kugawanya haiionyeshi. Kauli ya kutendea inaionyesha. Mwalimu anayesema “tuwagawie watatu” na kisha “tatu imo mara ngapi katika kumi na mbili” amefundisha maana zote mbili za kugawanya bila kuandika kanuni hata moja. Na gawanyika, yaani kauli ya kutendeka, ndiyo inayotufaa tunapouliza kama 51 inagawanyika kwa 3.

Nilipokuwa katika mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya kutwa karibu na Karatina, niliomba ruhusa ya kuketi nyuma katika vipindi vya Hisabati vya Kidato cha Pili. Swali moja lilihusu tangi lililojaa maji kwa robo tatu. Zikatolewa lita 60, likabaki nusu. Tangi zima linachukua lita ngapi? Swali lilikuwa kwa Kiingereza. Msichana aliyekuwa mbele yangu aliandika robo tatu mara 60, akapata 45, akapigia mstari. Mwenzake akamnong'oneza, nusu kwa Kigĩkũyũ na nusu kwa Kiswahili, kwamba zile sitini ndizo zilizotoka kati ya robo tatu na nusu, kwa hiyo sitini ni robo. Yule msichana alifuta, akaandika 240 bila kusita, tena bila kuandika hatua. Mwalimu alisikia mnong'ono akaukemea kwa sababu ya lugha iliyotumika. Kuhusu tangi hakuuliza kitu.

Simlaumu mwalimu huyo kwa dhati. Amelelewa katika utaratibu huo. Tume ya Ominde ya 1964 ilipendekeza Kiingereza tangu darasa la kwanza. Kamati ya Gachathi ya 1976 ikairudisha lugha ya eneo katika madarasa matatu ya mwanzo, Kiingereza kikianza kutawala darasa la nne, na mpango huo ndio ulioendelea kuwa msingi hata chini ya Mtaala wa Umilisi. Katika Nanyuki, ambako Mgĩkũyũ, Mmeru, Msamburu, Mturkana na Msomali hukutana sokoni, lugha ya eneo ni Kiswahili. Katika vijiji vya Othaya ni Kigĩkũyũ. Lakini wazazi wa miji yetu hupima shule kwa Kiingereza cha watoto wa chekechea, na mwalimu mkuu anajua hivyo. Sera ikasema moja, soko likasema jingine, na mwalimu akafuata soko.

Ni kweli pia kwamba juhudi kubwa za kuboresha ufundishaji wa Hisabati nchini hazikuanzia kwetu. Mradi wa SMASSE ulioanza mwaka 1998 kwa ushirikiano wa serikali za Kenya na Japani ulianza kwa wilaya tisa, mbili kati yake zikiwa majirani zetu wa Murang'a na Maragua, kisha ukaenea nchini kote kuanzia 2003. Ulimtaka mwalimu aache kuhutubia: mwanafunzi afanye vitendo, mwalimu abuni vifaa kwa vitu vilivyopo, apange, atende, atazame, aboreshe. Kituo cha CEMASTEA kilichoko Karen, Nairobi, kinaendeleza kazi hiyo. Hayo ni mambo mazuri, nami sina ugomvi nayo. Hata hivyo, kitendo kisichozungumzwa hakifiki mbali. Wanafunzi wakipewa makopo na mchanga wapime ujazo, watazungumza, na watazungumza kwa lugha waliyo nayo. Ikiwa lugha hiyo ni kosa, watapima kimyakimya na kungoja kanuni ubaoni. Wastani wa alama za Hisabati katika KCSE umekuwa chini ya asilimia 30 kwa miaka mingi, na sidhani kwamba ni kwa ukosefu wa makopo.

Naomba sasa nirudi katika uwanja wangu. Fumbo la hesabu ni matini, tena ni hadithi. Lina mhusika, mahali, tukio na mgogoro. Bahati mbaya ni hadithi mbovu. Hakuna mhusika bapa katika fasihi nzima ya Afrika Mashariki anayemfikia Kamau wa vitabu vya Hisabati, ambaye hununua machungwa 60, akauza thuluthi, akampa dadake matano, na hadi mwisho haijulikani alikuwa akiyapeleka wapi. Mwanafunzi tunayemfundisha asubuhi kutafuta kiini cha hadithi na dhamira ya mhusika hukutana na Kamau mchana akaambiwa aache maswali hayo. Wakati huohuo fasihi simulizi ina mafumbo ya hesabu yenye uhai. Lile la mtu anayetakiwa kuvuka maji na chui, mbuzi na majani kwa chombo kidogo husimuliwa Zanzibar, na ndugu zake wapo katika sehemu nyingi za Afrika na Ulaya. Hakuna kanuni ya kulitatua. Kuna kupanga hatua, kukataa njia isiyofaa, na kugundua kuwa wakati mwingine ni lazima umrudishe mbuzi ulikomtoa. Huo ndio uthibitisho wa kihisabati katika umbo lake la kwanza, na mtoto wa Gredi ya 5 anaweza.

Kwa Nyeri sihitaji hata kwenda mbali hivyo. Mkulima wa viazi wa Kieni anaijua lumbesa, lile gunia linaloongezewa kichwa cha wavu hadi likashinda gunia lenyewe. Kanuni za mwaka 2019 ziliweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia la viazi. Tuseme bei ni shilingi 1,500 kwa gunia: kilo moja ni shilingi 30. Mnunuzi akishindilia gunia hilo hadi kilo 70 kwa bei ileile, kilo imeshuka hadi shilingi 21 na senti kadhaa, na mkulima amepoteza shilingi 600 katika kila gunia. Akiuza magunia 40, amepoteza shilingi 24,000. Mwanafunzi ambaye mamake ameuza viazi hivyo hatahitaji kuambiwa kwa nini ahesabu uwiano. Atauliza maswali ambayo mwalimu hakuyaandaa: kichwa cha lumbesa kina umbo gani? Ni pia au ni nusu ya tufe? Ujazo wake ni kiasi gani? Hapo yale maumbo ya somo la Kiswahili yanapata kazi. Na katika soko la Karatina, ambako nafaka hupimwa kwa gorogoro na kwa debe, kuna somo zima la vipimo kwa yeyote mwenye mizani na nusu saa.

Nanyuki nako kuna mstari wa Ikweta, na kila siku watalii huonyeshwa maji yakizunguka katika beseni lenye tundu, upande huu kwa kulia na upande ule kwa kushoto. Ni ufundi wa mkono tu. Hatua chache kutoka kwenye mstari haziwezi kuyaamuru maji ya beseni yazunguke vipi. Wanafunzi wa Kidato cha Nne katika mtaala wa 8-4-4 walisoma latitudo na longitudo kwa miji iliyopewa herufi A na B. Mji wa Nyeri uko takriban dakika 25 kusini mwa Ikweta. Kila dakika ya latitudo ni maili moja ya bahari. Kwa hiyo kutoka mstari huo hadi usawa wa Nyeri ni maili 25 za bahari, yaani zaidi kidogo ya kilomita 46, na anayetaka kuhakiki apande matatu inayopitia Naro Moru, asome kipimo cha dereva, kisha aeleze kwa Kiswahili fasaha ni kwa nini barabara imezidi hesabu. Hilo lingekuwa swali zuri la insha. Sijui kwa nini tunalihesabu kuwa la watu wengine.

Nitaulizwa kuhusu Tanzania, nami sitalikwepa swali. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 shule za msingi za umma huko zimefundisha Hisabati kwa Kiswahili, na kazi ya istilahi iliyofanywa ni ya kuonewa wivu: kipeuo cha pili, nusu kipenyo, pembe butu, mche duara. Hata hivyo, katika mtihani wa Kidato cha Nne, Hisabati imekuwa kwa muda mrefu miongoni mwa masomo yenye ufaulu wa chini kabisa. Wapinzani wa Kiswahili hulishika jambo hilo kama fimbo. Wanasahau kwamba mwanafunzi huyo hubadilishiwa lugha ghafla anapoingia Kidato cha Kwanza, na yote aliyoyajenga kwa miaka saba yakaachwa mlangoni. Mimi nasoma humo onyo la pande mbili. Kiswahili peke yake hakitoshi kama hakuna daraja la kutoka humo, na Kiingereza peke yake hakitoshi kama hakuna daraja la kuingilia. Ninachokitetea kwa shule za mlimani ni lugha tatu katika kipindi kimoja, kwa mpango na bila aibu: mazungumzo kwa lugha ya watoto, maelezo na majina ya dhana kwa Kiswahili, kisha uandishi kwa Kiingereza cha mtihani, kila neno jipya likifungwa kwa ndugu zake wawili.

Wapo watakaosema kwamba mwalimu hana muda huo. Silabasi ni ndefu, darasa lina wanafunzi sitini, na mtihani hauulizi sudusi. Ni hoja nzito, na kwa mwalimu wa sekondari sina jibu kamili. Kwa shule ya msingi ninalo: muda tayari upo, umo katika ratiba kwa jina la Kiswahili. Kipindi cha akisami kikifundishwa wiki ileile ya sehemu, kipindi cha maumbo wiki ileile ya jiometri, na tarakimu wiki ileile ya thamani ya nafasi, hakuna dakika itakayoongezwa. Mwalimu ni yuleyule mmoja. Kinachotakiwa ni kuzipanga upya kurasa mbili za maazimio ya kazi.

Haraka yangu ina sababu. Mwezi Aprili 2025, baada ya mpango wa awali ulioiacha Hisabati kuwa ya hiari katika sekondari ya juu kupingwa vikali, Wizara ya Elimu ilitangaza kuwa kila mwanafunzi atasoma Hisabati ya namna fulani: moja kwa wanaofuata sayansi na nyingine nyepesi zaidi kwa wale wa sanaa na sayansi za jamii. Kiswahili, au Lugha ya Ishara ya Kenya, nacho ni cha lazima. Maana yake ni kwamba wale vijana waliokuwa wakikimbilia kwetu ili waikimbie Hisabati hawana tena pa kukimbilia, nasi hatuna tena kisingizio. Hisabati hiyo nyepesi itakuwa imejaa maneno: mikopo, bei, ramani, takwimu za magazeti. Atakayeshindwa kusoma matini hatafika kwenye hesabu.

Ndiyo maana natoa pendekezo mahususi kwa chama chetu, na ningependa lijadiliwe kabla ya kongamano lijalo. Wenzetu walio katika vyuo vikuu vya Karatina, Chuka na Embu wako umbali wa safari fupi kutoka shule wanazokwenda kufanyia mazoezi ya kufundisha. Kila mmoja achague shule moja ya msingi, aketi na mwalimu wa Gredi ya 4 au ya 5, wapange akisami na sehemu katika wiki moja, kisha tuandike kilichotokea, hata kama kilichotokea ni vurugu. Vyuo navyo viruhusu mwanafunzi wa ualimu kuunganisha Kiswahili na Hisabati, muungano ambao katika ratiba nyingi hauwezekani kwa kuwa vipindi vyake hugongana. Nimewauliza wahadhiri wawili kwa nini viligonganishwa. Mmoja alicheka. Wa pili alisema hakuna aliyewahi kuomba.